Kompyuta ya nyumbani Bukavu: iachwe ikiwaka, ilazwe au izimwe? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ushauri mwingi unaopatikana kwenye intaneti kuhusu jambo hili umeandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki. Kwao swali ni la bili na la uchakavu wa vifaa. Kwetu, uwe unakaa Nguba, Kadutu au Bagira, swali la kwanza ni jingine: umeme ukienda dakika hii, kazi yangu imebaki wapi? Majibu haya yameandikwa na mafundi wa hapa mjini, na yanaanzia kwenye swali hilo.

Sina muda wa kusoma yote. Nifanye nini?

Kama ni laptopu yenye betri nzima, ilaze mchana kati ya kazi na kazi. Usiku izime na uichomoe. Kama ni kompyuta ya mezani isiyo na onduleri (kisanduku cha betri kinachoishikilia umeme ukikatika, UPS), usiilaze. Ukitoka dakika chache, hifadhi kazi yako, zima skrini tu, mashini iendelee. Ukitoka saa moja au zaidi, itie kwenye usingizi mzito au izime. Usiku, na kila mvua inapoanza kunguruma, toa plagi kwenye prizi.

Kulala, usingizi mzito na kuzima vinatofautiana vipi?

Kompyuta nyingi za hapa ziko kwa Kifaransa, kwa hiyo kwenye menyu utakuta *Veille*, *Veille prolongée* na *Arrêter*.

Veille ni kulala kwa kawaida. Skrini inazima, diski inasimama, feni inanyamaza, lakini RAM, yaani kumbukumbu ya muda, inaendelea kupewa umeme kidogo ili ishike kila ulichokifungua. RAM haishiki kitu bila umeme. Chembe zake huvuja, na mashini hulazimika kuziandika upya kila baada ya sehemu ndogo sana ya sekunde, kwa kawaida milisekunde 64. Umeme ukikoma, kilichokuwemo kimekwenda, na hakuna fundi wa kukirudisha.

Veille prolongée ndiyo tunayoiita hapa usingizi mzito. Kabla ya kuzimika, mashini inanakili yaliyomo kwenye RAM na kuyaweka kwenye diski, kisha inazimika kabisa. Ukiiwasha kesho au wiki ijayo, inayasoma tena na kukurudisha pale pale ulipoachia, hata dirisha lililokuwa nusu limefunguliwa. Diski haihitaji umeme ili ikumbuke.

Arrêter ni kuzima: programu zote zinafungwa, na kesho unaanza upya.

Mashini yangu ilikuwa imelala, umeme ukakatika. Kazi imepotea?

Ni ya aina gani? Kama ni laptopu, hapana. Betri imechukua zamu, na inapokaribia kuisha laptopu nyingi hujitia zenyewe kwenye usingizi mzito. Lakini betri iliyokufa haina zamu ya kuchukua. Laptopu inayozimika papo hapo ukichomoa chaja ihesabu kama kompyuta ya mezani.

Kama ni ya mezani bila onduleri, ulichokuwa hujakihifadhi kimepotea, isipokuwa pale ambapo Windows ilipangwa kulala kwa njia mbili kwa pamoja: inashika kazi kwenye RAM na wakati huohuo inaweka nakala kwenye diski. Kifaransa chake ni *veille hybride*. Umeme usipokatika, inaamka haraka kutoka RAM. Ukikatika, inasoma nakala ya diski. Mpangilio huu ulikuja na Windows Vista na ulitengenezwa hasa kwa ajili ya kompyuta za mezani. Utaupata kwenye *Options d'alimentation*, ndani ya mipangilio ya juu, sehemu ya *Veille*. Ukiuona, uwashe leo. Baadhi ya mashini mpya hazina.

Tuna sababu ya kulisisitiza hili. Miezi ya kumaliza masomo ikifika, wanafunzi wanatuletea kompyuta zikiwa na TFC (kazi ya mwisho ya masomo) ndani. Hadithi inafanana: ameandika tangu mchana, ameenda kula, mashini ikajilaza yenyewe baada ya dakika 15 kama ilivyopangwa kiwandani, umeme ukaenda, ukarudi. Anafungua Word, anakuta ukurasa wa jana. Mmoja alikuja na ndugu yake mkubwa, ameshika kidaftari chenye orodha ya marejeo aliyoyaandika kwa mkono, na ndicho kilichomwokoa kwenye sura ya mwisho. Diski tuliikagua, ilikuwa nzima. Faili ilikuwa nzima. Aya zile hazikuwahi kufika kwenye diski, basi hapakuwa na pa kuzitafuta.

Kwa hiyo fanya mawili. Zoeza vidole Ctrl na S kila unapomaliza aya. Kisha nenda kwenye mipangilio ya umeme uondoe ule muda wa kujilaza yenyewe, uweke *Jamais*. Skrini iache ijizime baada ya dakika tano. Haina hatari yoyote.

Mbona sioni Veille prolongée kwenye menyu yangu?

Windows 10 na 11 huificha mara nyingi. Fungua *Panneau de configuration*, kisha *Options d'alimentation*, kisha *Choisir l'action des boutons d'alimentation*. Bonyeza maandishi ya *Modifier des paramètres actuellement non disponibles*, shuka chini, weka alama kwenye *Veille prolongée*, hifadhi. Isipoonekana hata hapo, fungua dirisha la amri kama msimamizi na uandike `powercfg /h on`.

Inakula nafasi ya diski, kwa mpangilio wa kawaida takriban asilimia 40 ya ukubwa wa RAM. Mwenye RAM ya giga 8 atapoteza giga 3 na kitu. Kwa mji wenye umeme kama wetu, hizo ni giga zilizotumika vizuri.

Kwenye Linux inahitaji eneo la swap (sehemu ya diski inayoisaidia RAM) lisilopungua ukubwa wa RAM, na wakati mwingine inahitaji fundi anayeijua. Laptopu za Mac hujiwekea nakala kwenye diski zenyewe zinapolala.

Kuwasha na kuzima kila siku hakuiui mashini haraka?

Imani hii ina asili ya kweli. ENIAC, iliyozinduliwa Philadelphia mwaka 1946, ilikuwa na taa za vakumu karibu 18,000, na taa hizo zilikuwa zinaungua zaidi wakati wa kupata moto na kupoa. Wahandisi wake waliona afadhali isizimwe. Baadaye zikaja diski za kwanza za kompyuta za nyumbani, ambazo nazo hazikupenda kuanzishwa mara kwa mara. Ushauri ukabaki, vifaa vikabadilika.

Diski ya kawaida ya kuzunguka ya miaka ya karibuni hutolewa kiwandani ikiwa imekadiriwa kuanza na kusimama mara 50,000 hivi. Ukiiwasha mara nne kwa siku, ni mara 1,460 kwa mwaka. Utakuwa umeitupa kwa sababu nyingine zamani sana. SSD, diski ya chipu, haina kinachozunguka kabisa.

Kinachoiua mashini hapa kwetu ni kuzimika bila kuzimwa. Diski inayozunguka ikikatiwa umeme katikati ya kuandika, kichwa chake kinarudi mahali pake kwa nguvu ya dharura. SSD za bei ya kawaida nazo zinaweza kupoteza kile zilichokuwa zinakiandika, na mara chache hazionekani tena kabisa. Mfumo wa NTFS wa Windows na ext4 wa Linux vina daftari la ndani la kujirekebisha baada ya ajali kama hiyo. FAT32 na exFAT, ambazo ziko kwenye flashi nyingi, hazina. Kwa hiyo usifanyie kazi faili moja kwa moja kwenye flashi umeme ukiwa wa wasiwasi. Inakili kwenye kompyuta, fanya kazi, irudishe.

Mwenye kuiacha mashini ikiwaka usiku kucha "ili isichoke" anaipa nafasi kubwa zaidi ya kukatiwa umeme ikiwa katikati ya kazi. Mji huu unategemea mitambo ya umeme wa maji ya mto Ruzizi: Ruzizi I, ya mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi II ya mwaka 1989 ambayo tunagawana na Rwanda na Burundi. Mitambo ni ya umri mkubwa, watu wameongezeka kuliko ilivyokadiriwa, na plastiki tunazozitupa ziwani zinateremka hadi kwenye mlango wa maji na kuuziba. Delestaji, yaani kukatiwa umeme kwa zamu, haitakwisha wiki ijayo. Pangilia mashini yako ukijua hivyo.

Nikiiacha ikiwaka usiku, inakula umeme kiasi gani?

Kompyuta ya mezani ya kawaida isiyofanya kazi yoyote, skrini ikiwa imezimwa, inatumia wati 40 hadi 80. Tuchukue 60. Saa kumi za usiku ni wati-saa 600, na kwa siku 30 ni kilowati-saa 18. Taa moja ya LED ya wati 9, ikiwaka saa tano kila jioni, ingechukua siku 400 kufika hapo. Skrini ikiachwa ikiwaka nayo, ongeza wati 20 au zaidi.

Ikilala, mashini hiyohiyo inatumia wati mbili hivi, sawa na kilowati-saa 0.6 kwa mwezi. Ikizimwa lakini imechomekwa, inaweza kuwa nusu wati. Ikichomolewa, hakuna kitu. Laptopu ikiwaka bila kazi iko kwenye wati 10 hivi.

Wenye mita ya kulipia kabla, zidisheni wenyewe kwa bei ya kilowati-saa iliyo kwenye risiti. Hapo utaona pia kwamba tofauti ya kulaza na kuzima ni ndogo mno. Pesa zinapotea kwenye kuiacha ikiwaka. Anayekataa kuilaza kwa sababu ya bili anaogopa kitu kidogo. Sababu nzito ni ile ya RAM.

Picha zinazocheza kwenye skrini mashini ikitulia zinapunguza umeme?

Hapana. Ziliwekwa kwa ajili ya skrini za zamani zenye mgongo mkubwa, ambazo picha isiyosogea iliacha alama kwenye kioo. Zima skrini.

Nikibonyeza Arrêter, imezimika kweli?

Kwenye Windows, tangu toleo la 8 la mwaka 2012, mara nyingi siyo kabisa. Programu zako zinafungwa, lakini kiini cha mfumo kinatiwa kwenye usingizi mzito ili kesho kuwasha kuwe haraka. Inaitwa *démarrage rapide*. Ndiyo maana hitilafu ya jana, kama printa isiyoonekana au sauti iliyopotea, inakuwepo tena leo hata kama uliizima usiku. *Redémarrer* ndiyo inayosafisha yote. Kwa hiyo fundi akikuambia kwa simu "anzisha upya", usizime ukawasha ukidhani ni kitu kimoja.

Ukitaka kuzima kikamilifu, shikilia kitufe cha Shift unapobonyeza Arrêter. Na mara moja kwa wiki fanya Redémarrer, hasa kama wewe ni mtu wa usingizi mzito kila siku. Programu zinazokaa wazi siku nyingi hula RAM kidogo kidogo bila kuirudisha.

Radi. Kuizima kunatosha?

Hakutoshi, na hili tunaomba lisomwe polepole.

Vyombo vya setilaiti ya NASA iliyopima radi za nchi za joto kuanzia 1998 viliikuta Kabare, territoire inayoizunguka Bukavu yetu, ikiongoza Afrika nzima: miale 205 hivi kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Duniani, iliyoizidi ni eneo la ziwa Maracaibo huko Venezuela tu. Milima, joto la bonde na unyevu wa ziwa Kivu vinakutana juu ya mapaa yetu. Kuanzia Septemba hadi Mei tunaishi ndani ya jambo hilo.

Radi haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga waya au nguzo mbali na wewe, msukumo unasafiri kwenye waya hadi kwenye prizi. Swichi ya kompyuta, na hata swichi ya ralonji (waya wa kuongezea prizi), inatenganisha waya kwa nafasi ya milimita chache. Radi imetoka mawinguni. Milimita hizo haizioni. Plagi iliyotolewa na kuwekwa mbali na ukuta ndiyo kinga.

Halafu usisahau njia nyingine za kuingilia. Waya wa antena au wa dishi la televisheni ukiwa umeunganishwa na kifaa kinachogusana na kompyuta, waya wa modemu unaotoka nje, waya wa mtandao unaotoka kwa jirani mnayegawana naye intaneti: vyote vinaleta radi ndani. Tumefungua mashini ambazo sanduku la umeme lilikuwa zima kabisa na tundu la mtandao limekuwa jeusi kama kijiti cha kiberiti. Mwenyewe alichomoa plagi akaacha waya wa jirani.

Ralonji yenye kinga ya radi inasaidia kwa misukumo midogo. Ndani yake kuna vipande vinavyojitoa mhanga na kuchakaa kila vinapopokea pigo, na vinahitaji waya wa ardhi. Nyumba nyingi za hapa hazina waya wa ardhi wa kweli. Tundu la tatu kwenye prizi lipo, nyuma yake hakuna kitu. Mwite fundi umeme alipime kabla ya kuamini taa ya kijani iliyo kwenye ralonji.

Mvua ikiwa imeshafika juu yako na radi zinapiga karibu, usikimbilie kugusa waya. Kompyuta inanunuliwa tena. Chomoa mapema, unaposikia ngurumo ya kwanza kutoka upande wa milima, na kama unatoka nyumbani mchana wa mawingu, ondoka ukiwa umeshachomoa.

Umeme ukirudi, niwashe papo hapo?

Subiri dakika tano hadi kumi. Umeme unaporudi, friji, pasi na majiko ya mtaa mzima huanza kwa pamoja. Volti zinashuka, zinapanda, mara nyingine umeme unaenda tena baada ya sekunde chache. Kompyuta iliyokuwa inaanza ndiyo inayoumia. Ikiwa umeme umeenda ukiwa kazini, izime kwa swichi ya nyuma au uchomoe kabisa, washa taa yako ya betri, ngoja utulie.

Yangu inajiwasha yenyewe umeme ukirudi, hata saa nane za usiku.

Ni mpangilio wa BIOS (programu ndogo ya bodi inayoanza kabla ya Windows), si uchawi wala virusi. Bodi nyingi za mezani zina chaguo la nini kifanyike umeme unaporudi baada ya kukatika: kubaki imezimwa, kuwaka, au kurudia hali ya mwanzo. Weka ibaki imezimwa. Ingia BIOS kwa F2 au Delete mara tu unapowasha, tafuta sehemu inayohusu umeme. Ukishindwa, fundi yeyote atakufanyia kwa dakika mbili.

Kila ninapoiwasha, saa na tarehe zimerudi nyuma miaka mingi na tovuti hazifunguki.

Kuna betri ndogo ya duara kwenye bodi, CR2032 ya volti 3. Kompyuta ikiwa imechomekwa, hata ikizimwa, saa hula umeme wa ukutani. Ikichomolewa, au umeme ukiwa umekatika, betri hiyo ndiyo inayobeba saa. Kwa sababu hapa tunachomoa sana na tunakatiwa sana, inaisha mapema kuliko vitabu vinavyosema. Tarehe ikiwa ya uongo, vyeti vya usalama vya tovuti vinaonekana kama havijaanza au vimekwisha, na kivinjari kinakataa. Badilisha betri; ni ya bei ndogo na inapatikana kwa wauza saa. Usiache kuchomoa kwa ajili yake.

Nina onduleri. Sasa naweza kuilaza au kuiacha?

Kuilaza, ndiyo, kwa muda mfupi. Lakini fahamu onduleri inafanya nini. Ile ndogo ya VA 650 ina betri moja ya risasi, ya volti 12 na ampea-saa 7 hivi. Ikiwa mpya inakupa dakika kumi hadi ishirini kwa kompyuta moja na skrini yake. Dakika hizo ni za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Sio za kumalizia sura.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni kujaa. Betri hiyo inataka saa sita hadi nane za umeme mfululizo ili ijae. Mtaa unaopata umeme saa mbili jioni na tatu alfajiri hauijazi kamwe. Na betri ya risasi inayokaa siku nyingi ikiwa tupu inaharibika kabisa. Ndiyo maana onduleri zinazodumu miaka mitatu hadi mitano kwingine, hapa zinalia kabla ya hapo. Umeme ukienda na ukawa umemaliza, zima onduleri yenyewe kwa kitufe chake, isiendelee kujinyonya hadi mwisho. Usiunganishe printa ya leza juu yake. Inavuta umeme mwingi kwa mara moja.

Onduleri nyingi zina waya wa USB wa kuiambia kompyuta kwamba umeme umeenda. Watu wengi wanauacha kwenye boksi. Uunganishe: Windows itaiona onduleri kama betri, na unaweza kuiamuru iingie usingizi mzito yenyewe betri ikibaki asilimia 30. Hapo hata ukiwa sokoni Nyawera kazi yako inajilinda.

Na jenereta, au umeme wa jua?

Jenereta ndogo huyumba kila mtu anapowasha au kuzima kitu kikubwa. Iwashe kwanza, iache itulie, ndipo uchomeke kompyuta. Na ichomoe kabla ya kuzima jenereta, kwa sababu petroli inapoisha volti hupanda na kushuka kabla ya kufa. Kwa jua, laptopu ina faida kubwa: wati 10 hadi 30 dhidi ya 100 za mezani ukiwa kazini. Anayenunua kompyuta leo akitegemea paneli, tunamshauri laptopu bila kusita.

Neno kwa wanaonunua kompyuta zilizotumika zinazotoka ng'ambo: angalia nyuma ya sanduku la umeme. Baadhi yana kiswichi chekundu cha 115 na 230. Kikiwa kwenye 115 ukakichomeka kwenye 220 yetu, utasikia mlio mmoja na moshi.

Niache laptopu kwenye chaja wakati wote?

Betri ya lithiamu haipendi mambo mawili yakikutana: kujaa asilimia 100 na joto. Kama una umeme wa uhakika, ingefaa ikae kati ya 20 na 80, na laptopu nyingi zina mpangilio wa kusimamisha kuchaji kwenye 80. Lakini Bukavu betri ndiyo onduleri yako. Ukiwa na kazi ya kesho asubuhi, ijaze hadi juu, bila hofu. Wiki ya likizo ndipo uiwekee kikomo.

Joto ndilo la kulinda zaidi. Usiiweke juu ya kitanda au blanketi ikiwaka. Msimu wa kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi la barabara huziba feni. Ifunguliwe na kusafishwa kabla mvua hazijaanza.

Naifunga tu na kuitia kwenye begi. Kuna ubaya?

Upo. Laptopu nyingi mpya zikifungwa haziingii usingizi wa zamani. Zinabaki nusu macho, zikipokea ujumbe na hata sasisho. Ndani ya begi, kwenye pikipiki au kwenye boti ya Goma usiku mzima, zinapata joto na betri inaisha kabla hujashuka. Kabla ya safari: usingizi mzito au kuzima. Unaweza kupanga kwamba kufunga kifuniko kunamaanisha Veille prolongée, pale pale kwenye ukurasa wa vitufe tulioutaja.

Kuna na suala la wizi. Diski iliyofungwa kwa ufunguo wa siri inalindwa vizuri mashini ikiwa imezimwa au iko kwenye usingizi mzito. Ikiwa imelala tu, ufunguo bado uko ndani ya RAM.

Sasisho za Windows zinataka usiku. Nifanyeje?

Usiziache zijifanye usiku. Umeme ukikatika mfumo ukiwa unaandika upya faili zake, unaweza kuamka na mashini isiyowaka. Chagua siku yenye umeme tulivu, laptopu ikiwa na betri iliyojaa, ufanye mwenyewe ukiwa umekaa mbele yake.

Na megabaiti zako: mashini iliyoachwa ikiwaka na kuunganishwa na simu itamaliza forfe (kifurushi cha intaneti) ya wiki kwa sasisho moja. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi, weka alama kwenye *Connexion limitée*. Nyingi zitasubiri.

Nina sekretaria (duka la kuchapa na kuprinti) yenye kompyuta kadhaa. Nizizime zote wateja wakipungua?

Zima skrini zote, hiyo ni papo hapo. Mashini ambazo hazina mtu kwa saa moja, usingizi mzito. Ile moja yenye printa na faili za wateja iwe kwenye onduleri, na ibaki ikiwaka hadi unafunga. Jioni zima kwa utaratibu, moja baada ya nyingine, ndipo uangushe kikata-umeme cha ukutani. Tumeona mahali ambapo mlinzi huangusha kikata-umeme saa kumi na mbili jioni bila kuangalia ndani. Mwelezeni, na muweke karatasi juu ya kikata-umeme.

Watoto wanazima kwa kubonyeza kitufe cha mbele. Inaharibu?

Kubonyeza mara moja, hapana. Ni amri ya kawaida kwa mfumo. Kinachoharibu ni kukishikilia sekunde nne au tano hadi ife, au kuvuta waya ikiwa inawaka. Kwenye ukurasa uleule wa vitufe, panga kitufe cha mbele kiwe Veille prolongée. Wakikibonyeza wakakimbilia nje kucheza, kazi ya mama au ya papa imeshaingia kwenye diski, na mnaweza kuchomoa mara taa ya mbele inapozimika.